Kupima Kapasita kwa Mita za Kujitengenezea: µF, ESR na Uvujaji

Keti kando ya meza ya fundi yeyote pale Luthuli Avenue au River Road jijini Nairobi, na kabla jua halijatua utakuwa umesikia magonjwa yale yale: TV inayowaka taa nyekundu pekee, wufa inayonguruma hata ukiishusha sauti yote, chaja inayolia tik-tik bila kutoa moto, feni ambayo sharti uisukume kwa kidole ndipo izunguke. Mara nyingi chanzo ni kapasita, kile kipande cha bodi kinachohifadhi chaji ya umeme. Na mara nyingi matibabu ni ya macho tu: iliyovimba kichwa inang'olewa, ambayo haijavimba inaachwa.

Macho husaidia, ila kuna kapasita zinazokufa zikiwa na sura nzuri. Mita ya kawaida yenye sehemu ya kupima µF (mikrofaradi, kipimo cha ukubwa wa kapasita) nayo huwapoteza wengi. Kapasita ya 47 µF inaweza kusoma 43, namba isiyo na lawama, kumbe ukinzani wake wa ndani umepanda hadi ohm 20 na bodi ya pawa haiamki tena. Ndiyo maana kila kapasita ya elektrolitiki (ile ya mkebe mdogo yenye mguu chanya na mguu hasi) huulizwa maswali matatu: inashika chaji kiasi gani, ina ukinzani gani ndani yake (huu ndio ESR), na inavujisha kiasi gani. Kila swali lina kifaa chake, na vyote unaweza kuviunda mezani kwa vipande vinavyopatikana katika maduka ya vipuri mjini au kwenye bodi kuukuu.

Kwanza, imwage

Stima yetu ni ya volti 240. Ikishapita kwenye dayodi za bodi ya pawa, kapasita kubwa ya upande wa stima hujaa hadi volti 340 hivi, na inaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya plagi kutolewa. Kuibana miguu kwa bisibisi ni tabia mbaya: cheche inakula ncha ya bisibisi, inaumiza kapasita, na siku nyingine inakuumiza wewe. Chukua rezista ya 2.2 kΩ ya wati 5, ichomelee waya mbili zenye ganda nene na ncha za kushikia, kisha iguse kwenye miguu ya kapasita. Kapasita ya 470 µF itashuka karibu sufuri kwa sekunde 5 au 6. Ipe sekunde 10, halafu thibitisha kwa mita kwenye volti za DC. Usiamini rezista, amini mita.

Kapasita ya maikrowevu iache. Ile hufanya kazi kwenye volti zaidi ya 2,000 na haina nafasi katika mwongozo huu.

Kifaa cha kwanza: µF kwa kutumia Arduino

Hesabu yake ni rahisi. Ukiijaza kapasita kupitia rezista, inafika asilimia 63.2 ya volti ya chanzo baada ya muda ambao ni sawa na R mara C. Rezista ya 10 kΩ na kapasita ya 100 µF hutoa sekunde 1 kamili. Kwa hiyo ukijua R na ukapima muda, C umeipata.

Unahitaji Arduino Uno, bodi ndogo unayoiandikia programu kwa kompyuta (hata ile ya kuiga inafaa, mradi ina chipu ya ATmega328P), rezista ya 10 kΩ ya asilimia 1, rezista ya 220 Ω, bredibodi (ubao wa kuunganishia vipande bila kuchomelea) na waya. Unganisha hivi: mguu chanya wa kapasita uende A0, pini inayosoma volti. Kutoka hapo hapo, 10 kΩ iende pini 8, na 220 Ω iende pini 7. Mguu hasi uende GND, yaani hasi ya bodi. Pini 8 ndiyo inayojaza, pini 7 ndiyo inayomwaga. Ile 220 Ω si ya mapambo: inauzuia mkondo usipite takriban 23 mA, kwa sababu pini za chipu hii zina mwisho wa 40 mA.

Programu yake ni fupi:

const float R = 10000.0; // andika thamani uliyoipima

void setup() {
  Serial.begin(9600);
  pinMode(8, OUTPUT);
  digitalWrite(8, LOW);
}

void loop() {
  // mwaga kwanza
  digitalWrite(8, LOW);
  pinMode(7, OUTPUT);
  digitalWrite(7, LOW);
  while (analogRead(A0) > 0) {}
  delay(500);
  pinMode(7, INPUT);

  // jaza huku ukihesabu muda
  unsigned long mwanzo = micros();
  digitalWrite(8, HIGH);
  while (analogRead(A0) < 647) {}
  unsigned long muda = micros() - mwanzo;

  Serial.print(muda / R);
  Serial.println(" uF");
}

Namba 647 ni asilimia 63.2 ya 1023, ambayo ndiyo namba ya juu kabisa ya A0. Muda uko kwa mikrosekunde na R kwa ohm, hivyo ukigawanya unapata µF moja kwa moja. Lile subira la nusu sekunde lina sababu: kapasita za elektrolitiki huwa na tabia ya kurudisha volti kidogo zenyewe baada ya kumwagwa, na usipoisubiri itulie namba yako itakuwa ndogo kuliko ukweli. Jambo jingine zuri ni kwamba volti ya USB ikiwa 4.8 badala ya 5 haidhuru kitu, kwa kuwa A0 hupima kwa kulinganisha na volti ile ile inayojaza.

Usahihi wote umekalia ile rezista. Ipime kwa multimita ikiwa nje ya saketi, ukikuta 9,940 andika 9940.0.

Kwa 10 kΩ, kifaa hiki kinafaa kuanzia 1 µF hadi 1,000 µF hivi. Juu ya hapo utasubiri sana (4,700 µF ni sekunde 47), basi weka 1 kΩ na ubadilishe R kwenye programu. Chini ya 1 µF usijisumbue: kila usomaji wa A0 huchukua kama mikrosekunde 110, kwa hiyo saa yako ni butu mno kwa kapasita ndogo. Wapo wanaoweka 1 MΩ ili kurefusha muda. Inafanya kazi kiasi, lakini A0 hupenda chanzo chenye ukinzani usiozidi 10 kΩ, na namba huanza kuyumba.

Programu ikiganda bila kutoa namba, hata kwa kapasita ndogo, usikimbilie kuibadilisha. Huenda kapasita inavuja kiasi cha kutoweza kufika asilimia 63. Kwa rezista ya 10 kΩ, hilo hutokea uvujaji ukiwa sawa na rezista ya 17 kΩ au chini ya hapo kati ya miguu yake. Kapasita ya namna hiyo imeshakufa, na mita imekujibu kwa kunyamaza.

Elektrolitiki nyingi huruhusiwa kupishana na lebo yake kwa asilimia 20. Kwa hiyo 100 µF inayosoma 86 haina kosa. Ikisoma 60, itoe.

Kwa zile ndogo: 555 na sikio la simu

Kapasita za filamu na za seramiki huwa na maandishi ya mafumbo. Namba 104 maana yake ni 10 ikifuatwa na sufuri 4 za pikofaradi, yaani 100 nF (nanofaradi). 103 ni 10 nF, 472 ni 4.7 nF. Herufi J ni asilimia 5, K ni 10, M ni 20. Maandishi yakifutika, chipu ya 555 inakusaidia. Chipu hii imekuwepo tangu miaka ya mwanzo ya 1970 na bado ni miongoni mwa zile rahisi kabisa kupata.

Pini 1 iende hasi, pini 8 na 4 ziende chanya (volti 5 mpaka 9). Weka 1 kΩ kati ya pini 8 na 7, na 47 kΩ kati ya pini 7 na 6. Unganisha pini 2 na 6, kisha kapasita unayoipima ikae kati ya hapo na hasi. Pini 5 iwekee 10 nF kwenda hasi. Pini 3 ipeleke kwenye spika ndogo bapa ya piezo, ile ya kadi za muziki na saa za kengele. Saketi itapiga mlio, na kadiri kapasita inavyokuwa ndogo ndivyo mlio unavyokuwa mwembamba.

Sasa fungua kwenye simu programu ya kusomea masafa ya sauti na uiweke karibu na spika. Gawa 15,200 kwa hertz ulizosoma, jibu ni nanofaradi. Mlio wa 1,520 Hz ni 10 nF, wa 152 Hz ni 100 nF. Kati ya 4.7 nF na 220 nF utapata jibu la kutosha kazi ya kila siku. Angalia tu kwamba mlio wa 555 una sauti nyingine za juu ndani yake, na simu inaweza kukusomea mara tatu ya masafa halisi. Ukitilia shaka, weka kapasita unayoijua mahali pake na usikilize ipi ina mlio mzito zaidi.

Multimita yenye sehemu ya Hz ni bora kuliko simu. Kwa pikofaradi chache, saketi hizi zote hushindwa, kwa sababu bredibodi yenyewe ina pikofaradi zake kati ya mistari. Huko unahitaji mita inayotumia koili na kapasita katika mwangwi wa masafa ya juu, na hiyo ni kazi ya siku nyingine.

Mita ya ESR, kifaa chenye faida kuliko vyote

Kama utaunda kimoja tu, unda hiki. Ndicho kinachokuwezesha kupima kapasita ikiwa bado imechomelewa kwenye bodi, bila kung'oa kitu.

Wazo lake ni hili. Kapasita hupinga umeme wa AC, lakini upinzani huo hupungua masafa yakipanda. Kwenye Hz 50, kapasita ya 100 µF hupinga kwa karibu ohm 32. Kwenye kHz 100, upinzani huo unashuka hadi ohm 0.016, karibu na hakuna. Chochote utakachokisoma hapo si cha kuhifadhi chaji tena, ni ukinzani wa ndani: maji ya elektrolitiki yaliyokauka, miguu iliyolegea, karatasi iliyochakaa. Na ukitumia volti ndogo sana, chini ya ile inayowasha dayodi na transista, vipande vingine kwenye bodi vinabaki vimelala na haviingilii kipimo.

Anza na chipu ya 74HC14, yenye vigeuza-ishara sita ndani yake, kwa volti 5 (pini 14 chanya, pini 7 hasi). Weka rezista ya 10 kΩ kati ya pini 1 na 2, na kapasita ya 1 nF kutoka pini 1 kwenda hasi. Hapo una mtetemo wa takriban kHz 100. Pini 2 iunganishe na 3, 5, 9, 11 na 13. Matokeo ya vigeuza-ishara hivyo vitano, pini 4, 6, 8, 10 na 12, yaunganishe pamoja ili yasaidiane nguvu. Karibu na chipu weka 100 nF kati ya chanya na hasi, usiiruke hatua hii.

Kutoka kwenye yale matokeo matano, pitia kapasita ya filamu ya 1 µF, kisha rezista ya 220 Ω, ufike kwenye kituo nitakachokiita A. Kati ya A na hasi weka 10 Ω. Waya za kupimia zinatoka hapo: moja A, nyingine hasi. Zikiwa wazi, pale A pana kama volti 0.2 tu kutoka kilele hadi bonde. Weka pia dayodi mbili za 1N4007 kati ya A na hasi, moja ikitazama huku na nyingine kule. Kwa volti ndogo hazifanyi lolote, lakini siku utakayosahau kumwaga kapasita zitapokea pigo badala ya chipu. Pigo dogo, lakini. Hazitakuokoa na volti 340.

Ishara hiyo ni ndogo, kwa hiyo ikuze kwa transista ya BC547. Kutoka A pitia 100 nF hadi kwenye besi. Kolekta ipate 1 kΩ kutoka chanya, emita ipate 47 Ω kwenda hasi, na 220 kΩ iunganishe kolekta na besi. Ukipima DC kwenye kolekta utakuta kati ya volti 2 na 3. Ikiwa mbali na hapo, badilisha ile 220 kΩ. Kutoka kolekta pitia 100 nF nyingine hadi kituo B. Dayodi moja ya 1N5819 itoke hasi kwenda B, ya pili itoke B kwenda kwenye kapasita ya 100 nF inayokwenda hasi. Multimita, kwenye volti za DC, inasoma juu ya kapasita hiyo ya mwisho. Usitumie 1N4148 hapa. Zinakula volti nyingi mno na vipimo vidogo vitapotea.

Chanzo cha umeme kiwe pawabenki, si chaja ya bei ya chini. Volti ikiyumba, kipimo kinayumba, na chaja nyingine huleta kelele zake.

Kisha isawazishe. Shika waya za kupimia kwenye rezista za 0.47 Ω, 1 Ω, 2.2 Ω, 4.7 Ω na 10 Ω, moja moja, na uandike volti ya kila moja kwenye kikaratasi ukibandike juu ya boksi. Zigusanishe waya zenyewe uone sufuri yake. Kikaratasi hicho ndicho mita. Bila hicho una namba zisizo na maana. Waya ziwe fupi na nene.

Kusema kweli, kifaa hiki hakitakutofautishia ohm 0.05 na 0.2. Hicho si kilio kikubwa. Kapasita zinazozuia TV kuwaka huwa zimepanda hadi ohm kadhaa au makumi, na hapo tofauti inaonekana waziwazi. Mpya ya 1,000 µF inapaswa kukaa karibu sana na sufuri. Ya 10 µF inaweza kuwa na ohm 1 au 2 na isiwe na tatizo. Ya 1 µF huenda ikazidi hapo. Njia salama ni kulinganisha na mpya yenye µF na volti zile zile.

Pa kuanzia kwenye bodi ya pawa ni ile kapasita ndogo, 22 µF au 47 µF ya volti 50, iliyo jirani na chipu inayoendesha transfoma. Hukaa karibu na bati la kupozea na kupikwa kila siku. Ikikauka, chipu haipati nguvu ya kuamka, ndiyo ile tik-tik. Baridi huongeza ESR, kwa hiyo TV inayokataa kuwaka asubuhi ya Julai hapa Nairobi, kisha ikawaka mchana kana kwamba haijawahi kuugua, inakuonyesha pa kutazama. Ipulizie kapasita hewa ya draya ya nywele, ikiwaka, umeipata.

Mitego ni miwili. Kapasita iliyopiga shoti husoma ESR nzuri ajabu, maana shoti ni ohm sufuri. Basi kabla ya kuisifu, ipime pia kwa sehemu ya ohm. Na zikiwa kadhaa sambamba kwenye mstari mmoja, nzima humfunika mgonjwa. Hapo lazima ung'oe.

Uvujaji

Hapa hakuna chipu. Unganisha betri 3 za volti 9 mfululizo upate 27, kwa kapasita za volti 35 kwenda juu. Kwa za volti 16 tumia betri moja. Betri, rezista ya 10 kΩ, kapasita, kwa mpangilio huo, chanya kwa chanya. Weka multimita juu ya rezista, si juu ya kapasita. Kila volti 0.1 ni mikroampea 10.

Mwanzoni itasoma juu kisha ishuke. Subiri dakika 2. Kipimo ambacho watengenezaji wengi hutumia ni 0.01 mara µF mara volti ya lebo, jibu kwa mikroampea. Kwa 100 µF ya volti 35 ni mikroampea 35, yaani volti 0.35 kwenye mita. Kapasita iliyolala kabatini miaka mingi huvuja sana mara ya kwanza, kwa sababu utando wa oksidi ndani yake umepungua. Iache kwenye saketi hii. Mkondo ukiendelea kushuka polepole, inajitengeneza upya na usiiharakishe. Ukisimama juu na kukwama, itupe.

Za feni na pampu

Kapasita nyingi za mota ni za filamu, hazina chanya wala hasi. Ile ya pampu inayopandisha maji kwenye tangi la ploti hupoteza µF taratibu hadi mota inavuma bila kuzunguka. Zima stima, mwaga, toa waya zake, kisha ipime kwa Arduino. Ya 2.5 µF inapaswa kusoma kati ya 2.4 na 2.6 ikiwa lebo inasema asilimia 5. Feni yenye 1.7 ndiyo ile inayosukumwa kwa kidole.

Kumbuka tu kwamba Arduino inaijaribu kwa volti 5, na kazini inabeba mamia. Ikisoma vizuri na bado mota inafyatua swichi, ibadilishe hivyo hivyo, kwa µF zile zile na volti zisizopungua za lebo ya zamani. Unaponunua mpya, nenda na kifaa chako mfukoni kama muuzaji anakuruhusu: kapasita yenye ganda kubwa lakini nyepesi kupita kiasi ipimwe hapo hapo kaunta, kabla hujalipa.